Humu Tunalala Wawili

Tarehe 3 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yenyewe hukuiandika. Barua yako ya mwisho ilianza na "habari za huko", kama unamwandikia mwenye duka. Ukienda mbali usiache adabu stendi.

Mimi nipo. Goti la kulia linauma, la kushoto linalisaidia. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia siku hizi linasikia linachotaka, kwa hiyo usiniletee tena habari za kupigiana simu. Mambo ya nyumba hayapigiwi kelele hewani. Kuku aliyekuwa akitaga nyuma ya beseni ameacha, nafikiri ananikomoa. Jirani yetu Fundi Viatu amepata mjukuu, kichwa kikubwa kama cha babu yake, Mungu amkuze. Nami bado nafua mashuka ya nyumba ya wageni, Jumatatu na Alhamisi, na wageni bado hawajui kulala bila kumwaga vitu.

Sasa sikiliza. Wamekuja watu hapa mtaani kugawa pesa. Mkubwa wao ni mwanamke mwenye miwani. Namwita Mama Miwani, maana jina lake alilitaja upande wa sikio lililokufa. Anasema kila mtu mzima wa mtaa huu atapokea pesa kila mwezi, miaka miwili, kwenye simu yake.

Nikamuuliza, "Tufanye nini?"

"Hakuna cha kufanya, mama."

"Tulipe lini?"

"Hamlipi."

"Dini gani hii?"

"Si dini."

"Basi kuna uchaguzi."

Akacheka. "Mama, ni zenu tu. Ukitaka nunua bati, ukitaka nunua pipi. Hatuulizi."

Nikamwambia, binti, mimi tangu nizaliwe sijapewa kitu na mtu asiyetaka kitu. Hata mume wangu alipotoa mahari alitaka apikiwe. Akacheka tena. Simpendi sana, lakini anakaa vizuri, hakukipangusa kiti changu kabla ya kukikalia.

Kisha akafungua daftari akauliza, "Humu mnalala wangapi?"

Nikasema wawili. Mimi na mwanangu.

"Yuko wapi?"

"Kazini."

Nikampa kitambulisho chake na namba yake ya simu. Akaandika. Usinikunjie uso huko uliko, nakuona. Swali liliulizwa haraka nami nikajibu kama ninavyojibu siku zote. Kitanda chake kimetandikwa, shuka lake nimelifua Jumatatu. Ningesema nini?

Kula. Mara ya mwisho ulikuja na shingo kama ya bata.

Bibi yako

*

Tarehe 27 Februari

Shikamoo Bibi. Shikamoo tena, na ya tatu iwe akiba ya barua ijayo.

Mimi sijambo. Kiwandani wamenitoa kwenye mikono ya mashati, sasa nashona mifuko ya suruali. Mifuko mia tatu kwa siku, na hakuna hata mmoja wenye kitu ndani. Msimamizi wetu bado anatembea nyuma ya migongo yetu akihema. Mvua imeanza. Ninayepanga naye chumba anakusalimu, anasema barua zako nimsomee yeye pia, zinamfurahisha kuliko redio.

Bibi, nimeisoma ile mara mbili. Baba ana miaka minne tangu azikwe. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniandikia. Rudi kwa huyo mama umwambie ulikosea, naamini atakuelewa. Wakija kugundua wenyewe itakuwa aibu, nawe najua aibu unavyoiogopa.

Lakini yako ipokee, tafadhali. Paa la chumba cha mbele linavuja tangu nikiwa mtoto. Hayo mashuka acha hata siku moja kwa wiki. Watu wanakupa bila kukupiga picha, bila kukusimamisha kwenye foleni ukiwa na bakuli, unataka nini zaidi?

Mimi nitaendelea kutuma kama kawaida. Usiniulize tena kwa nini natuma nyingi. Nimezoea.

Mke mwenzio

*

Tarehe 19 Machi

Mke mwenzangu,

Shikamoo tatu nimezipokea, hiyo ya akiba nimeiweka. Goti ni lile lile. Mwambie huyo unayekaa naye kwamba mimi si redio.

Pesa imeingia. Mtaa umechangamka kama kumefunguliwa bomba. Fundi Viatu amenunua cherehani ya kushonea ngozi, anaisukuma mchana kutwa hata kama hakuna kiatu. Msusi wa ng'ambo ya barabara sasa anafungua saa tatu, anasema kwa mara ya kwanza maishani analala mpaka usingizi uishe wenyewe. Na yule mlevi tunayemwita Chupa, ambaye mtaa mzima ulikaa kusubiri alewe afe, amenunua meno ya bandia. Anacheka tangu asubuhi. Watu waliokuwa na hotuba mdomoni wamezimeza.

Yangu sijaigusa. Walinipa simu ndogo, nimeiweka kwenye kikapu cha kuku, pengine yeye ataiatamia. Mimi nafua, nalipwa, nakula. Sijafika pa kupewa.

Ya baba yako nikueleze. Simu yake iko juu ya sanduku la bati, palepale alipokuwa akiiweka akirudi sokoni. Mimi huipeleka kuchajiwa. Usiniulize kwa nini. Siku ile nilikuwa naingiza mashuka, nikaihisi kwa miguu kabla ya kuiona. Ilikuwa inatetemeka. Nikaisoma herufi kwa herufi. Imemwita kwa majina yake yote matatu, ikamwambia amepokea. Miaka thelathini amebeba magunia ya watu, hakuna aliyewahi kumwita kwa majina yote matatu. Walimwita "wewe". Sasa yuko chini ndiyo analipwa kwa wakati.

Nilikaa kitandani kwake. Nikasema, "Haya baba, zimeingia." Nilisema kwa sauti, mimi mwenyewe nikasikia.

Kuna jingine. Inatetemeka pia Jumapili, jua likiwa utosini. Hiyo si ya pesa. Inaandika namba ndefu nisiyoijua, inahangaika juu ya bati kama meno ya mtu mwenye homa, halafu inanyamaza. Haikuanza na watu hawa. Ni ya miaka. Sijawahi kuipokea. Niseme haloo, na akiitika?

Sina woga. Nakuambia tu kwamba Jumapili mchana siku hizi nakaa nje.

Kwa Mama Miwani sijaenda.

Bibi yako

*

Tarehe 2 Mei

Shikamoo Bibi.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza nilisingizia kazi, ya pili nilisingizia malaria. Zote nimezichana.

Habari za hapa ni njema. Tumeongezewa mifuko ishirini kwa siku na pesa ni ile ile. Jirani amezaa mapacha, wanalia kwa zamu.

Bibi, wa Jumapili ni mimi.

Mashine zinazimwa saa sita, wenzangu wanakwenda kula, mimi natoka nyuma kwenye marobota ya vitambaa napiga namba ya Baba. Laini hii niliipata baada ya yeye kuondoka, kwa hiyo hakuna jina langu humo. Sikujua kama unaiona. Nilidhani simu iko kwenye droo mahali, inalia peke yake. Nasikia ikiita mara tano, sita, basi najua kuna mahali bado inaita. Halafu narudi kushona.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize.

Unajua nilikuwa natuma kila mwisho wa mwezi. Mwezi ule sikutuma. Nilikuwa nimelala juu ya maboksi miaka miwili na mgongo umekwisha, nikasema mwezi mmoja tu, Baba ana nguvu zake, hawatakosa. Tarehe ishirini na nane nikanunua godoro. Tarehe nne ukaja ujumbe wako: "Baba yako ametutoka. Hospitali walitaka malipo ya kwanza, hatukuwa nayo." Maneno hayo nimeyakariri kuliko sala.

Godoro lile sijawahi kulilalia. Limesimama ukutani na nailoni yake. Huyu ninayekaa naye alishaniuliza akachoka. Kila nikifungua macho linanitazama.

Hukuwahi kunilaumu, Bibi. Hata mara moja. Afadhali ungenilaumu. Natuma nusu ya mshahara kwa sababu sijui kiasi gani kinatosha, na wewe hukuwahi kusema basi.

Nilipoandika upokee pesa za hao watu nilikuwa nalia, maana nilifikiri: wangekuja miaka minne mapema, Baba angepona na mimi nisingekuwa nimefanya nililofanya.

Mke mwenzio

*

Tarehe 23 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kabla hujasoma mstari unaofuata, inuka, ondoa hiyo nailoni, lilaze godoro chini. Mjinga mkubwa wewe. Miaka minne! Mgongo wa mwanamke ni mmoja.

Umelilaza? Sasa kaa juu yake.

Baba yako alinyanyua gunia Jumatatu, ngiri yake ikatoka, ikakataa kurudi. Alikuwa nayo siku zote, akiisukuma ndani kwa kiganja na kuendelea. Jumanne alikuwa anatapika. Jumatano asubuhi tulimpeleka kwa mkokoteni. Daktari akamshika tumbo, akasema utumbo umenaswa, apasuliwe leo leo, lakini kwanza kalipieni dirishani. Akatutajia. Tukarudi naye nyumbani kutafuta.

Hayo unayajua. Sikiliza usiyoyajua.

Fundi Viatu hakuambiwa na mtu. Aliona mkokoteni ukirudi. Alichukua boksi la viatu, akaingia nyumba moja baada ya nyingine mtaa mzima, na mchana akaja mlangoni kwangu nalo kaliinamia kama mtoto mchanga. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu. Msusi alikuwepo. Chupa alikuwepo, hana viatu, naye katia. Na mimi miaka yote mtaani hapa sikuwahi kumwomba mtu chumvi. Ningewatazama vipi kesho yake? Kila mmoja angekuwa na kipande cha mwanangu mfukoni.

Nikamwambia, "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama."

"Mwanangu si paa, mpaka achangiwe."

Akasema, "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Chukua."

Nikalipiga lile boksi kwa mkono. Sarafu ziliingia mtaroni. Nikawatangazia wote kwamba mjukuu wangu yuko kiwandani, anatuma kila mwisho wa mwezi, sisi tunasubiri yetu. Nikafunga mlango.

Umenielewa? Sikuwa nasubiri yako kwa sababu hakukuwa na nyingine. Nilisubiri yako ili nisipokee yao. Alhamisi alfajiri akaondoka.

"Hatukuwa nayo." Neno hilo nililitafuta siku nzima kabla ya kukutumia. Ilikuwepo mlangoni.

Na sanda walichanga wao wao, kwa boksi lile lile. Hiyo sikuikataa.

Sasa unajua kwa nini sikukulaumu. Pesa ilipoanza kuja zaidi ya zamani nilishangaa, kisha nikajua inalipa kitu, na sikuuliza ni nini. Niliogopa ukiniambia nitalazimika kukuambia.

Andika haraka.

Bibi yako

*

Tarehe 30 Juni

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Hapa ni wazima. Goti limetulia kidogo. Mapacha wa jirani yako wanaendeleaje?

Barua yangu ya mwezi wa tano pengine haikufika, posta siku hizi hawaaminiki. Kama haikufika niambie niiandike upya, ingawa sijui kama mkono utakubali mara ya pili. Kama ilifika niambie pia.

Jumapili tatu simu ya baba yako haijatetemeka. Nilirudi kukaa ndani, makusudi. Nimeiweka mapajani. Pesa tu ndiyo imeingia, ikamwita majina yake matatu, ikanyamaza.

Unitukane kama unataka. Lakini andika.

Bibi

*

Tarehe 21 Julai

Bibi,

Leo sisalimii.

Barua ilifika tarehe tisa Juni. Nimetembea nayo kiwandani kwenye nguo, mpaka imelowa jasho na maneno mengine yamefutika, lakini nilishayajua.

Miaka minne nimekula mlo mmoja. Wenzangu walidhani nafunga, wengine walidhani nina ugonjwa. Ulijua ninalipa kitu. Umeandika mwenyewe, ulijua, na kila mwezi ulikwenda dirishani ukapokea. Yao uliipiga kwa mkono ikaingia mtaroni. Yangu ulipokea.

Sijui nifanye nini na hasira hii. Jumapili nakwenda kwenye marobota nakaa tu, kidole juu ya namba, siipigi. Sitaki iite mapajani mwako.

Niambie mambo mawili.

Pesa iliyokuwa kwenye boksi, ilikuwa inatosha?

Na Baba alikuwa amelala wapi ulipokuwa unasema yale mlangoni? Alisikia? Maana mimi naijua nyumba ile, na kitanda chake na mlango ni hatua mbili. Alisema nini?

Usinipe methali.

Mjukuu wako

*

Tarehe 9 Agosti

Mjukuu wangu,

Shikamoo yako siidai. Habari za goti hukuuliza, siziandiki.

Barua yako ilikuja Jumatatu, mashuka yakiwa kwenye maji. Niliyaacha humo. Nikaoga, nikavaa gauni la kutokea, nikaenda kwa Mama Miwani. Siku hizi wanakaa uwani kwenye shule, wameweka meza chini ya turubai. Watu walikuwa kama kumi wanasubiri, wote wa mtaa wetu, Chupa na meno yake akiwa wa mbele. Akanipisha. Nikapita, nikasimama mbele ya ile meza nikasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Ulinihoji mwezi wa pili humu mnalala wangapi, nikasema wawili. Analala mmoja. Mwanangu amekufa. Ni mwaka wa nne."

Hilo neno sikuwahi kulitamka. Nilikuwa nasema ametutoka, hayupo, kapumzika. Nililitamka pale mbele ya Chupa.

Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa. Nilikuwa na majibu yangu. Yule mwanamke akavua miwani, akasema, "Pole sana, mama," akapiga mstari kwenye daftari. Akasema laini ya marehemu itafungwa na iliyoingia humo itarudi ilikotoka, na yangu itaendelea.

"Hata kama nilikudanganya?"

"Yako haina masharti, mama."

Ningepigwa kofi ningejua pa kuweka mikono yangu.

Niliyaona majina ya mtaa mzima kwenye karatasi yake, moja chini ya jingine, wote sawa. Pesa yangu nimeipokea. Nilisaini kwa mkono wangu. Ile simu ndogo ninayo hapa, mfuko wa gauni umelegea upande mmoja. Usinitumie tena kitu chochote. Kula asubuhi, mchana na jioni, na hilo si ombi.

Kutoka pale nilipita kwa Fundi Viatu. Miaka minne tunaamkiana kila asubuhi, kama watu wasioonana. Alikuwa anashona soli. Nikamuuliza swali lako kama ulivyoliandika. Hakuinua kichwa. Sindano ilikwenda, ikarudi. Nikafikiri sikio limenificha jibu, nikauliza tena. Akasema, "Ilitosha, mama. Na nauli."

Nikakaa kwenye benchi lake. Mkewe akaniletea maji, nikanywa.

La pili. Ndiyo, alisikia. Alikuwa kitandani pake, hatua mbili, kama unavyoijua nyumba. Nilipofunga mlango niligeuka nikamkuta amejiinua kwa kiwiko, jasho limemlowesha shingo yote. Nimeishi na alichosema nikikiita homa. Haikuwa homa, akili zake zilikuwa timamu. Aliniambia, "Mama, fungua. Waache wachange. Mimi sioni aibu."

Bibi yako